Barua ya wazi: Tuambieni bwawa lililo juu yetu lina daraja gani la hatari

Kwa: Waheshimiwa mnaosimamia maji, ardhi na maafa, Mkoa wa Tanga, pamoja na wamiliki wa mashamba yenye mabwawa ya udongo.

YAH: KUTANGAZWA KWA DARAJA LA HATARI NA HALI YA TUTA KWA MABWAWA YA WATU BINAFSI

Waheshimiwa,

Naomba nianze na ombi lenyewe, ili asiyepata muda wa kuisoma barua hii yote awe amelipata. Kila bwawa la udongo linalomilikiwa na mtu binafsi au kampuni katika Mkoa wa Tanga, na ambalo chini yake wanaishi watu, liwe na karatasi iliyobandikwa kwenye ofisi ya kijiji kilicho chini yake. Karatasi hiyo iseme mambo mawili: bwawa likibomoka, maji yatafika wapi na yatamkuta nani, na tuta lenyewe lina hali gani kwa macho ya mhandisi aliyelikagua, na alilikagua lini. Iandikwe kwa Kiswahili, iwe na tarehe, na ibandikwe kabla mvua za vuli hazijaanza.

Mimi ni mkazi wa bonde mojawapo la Wilaya ya Muheza. Juu yetu kuna bwawa la shamba. Shamba silitaji jina, wala mwenyewe simtaji, kwa kuwa sina ugomvi naye, na kwa kuwa haya ninayoyaandika yanawahusu pia watu wa Korogwe, Mkinga, Pangani na Handeni wanaoishi kama tunavyoishi sisi. Bwawa lilijengwa enzi za mkonge, ili mashine ya korona ipate maji ya kusindikia majani. Tuta lake ni la udongo mwekundu wa hapa hapa, ulioshindiliwa, na leo limeota majani na miti. Maji yake yananywesha ng'ombe na kumwagilia bustani za shamba, na kiangazi kikiwa kikali hata sisi tunaruhusiwa kuchota. Hatutaki livunjwe. Hilo nalisema mapema kwa sababu kila tukiuliza habari za usalama wake tunajibiwa kana kwamba tunataka kuwaondolea watu ajira.

Siku za nyuma walifika maofisa na gari. Walitembea juu ya tuta, wakapiga picha, wakaandika, wakaondoka. Mwenyekiti wa kitongoji alipofuatilia matokeo aliambiwa kwamba taarifa ni ya mwenye bwawa. Baadaye zikaja habari za mdomo kwamba bwawa limewekwa katika daraja la chini la hatari, na kwa wengi mjadala ukafungwa hapo. Wanakijiji walipumua, wakidhani kwamba mtaalamu amesema tuta ni imara.

Mtaalamu hakusema hivyo, waheshimiwa, na hapa ndipo penye kiini cha barua yangu.

Katika nchi zilizouzoea utaratibu huu, daraja la hatari halipimi uimara wa tuta hata kidogo. Linauliza swali moja tu: bwawa hili likibomoka kwa sababu yoyote ile, nani atakufa na nini kitaharibika? Marekani wana madaraja matatu. La chini ni la bwawa ambalo kubomoka kwake hakutarajiwi kuua mtu, na hasara yake kubwa itabaki kwa mwenyewe. La kati halitarajiwi kuua, lakini linaweza kukata barabara, kuharibu mali za watu au mazingira. La juu ni lile ambalo likibomoka huenda likaua, hata kama ni mtu mmoja. Kwa hiyo tuta jipya lililojengwa na wahandisi bora linaweza kuwa katika daraja la juu kwa sababu chini yake kuna shule, na tuta lililochoka, linalovuja, likawa daraja la chini kwa sababu chini yake ni pori tupu. Uimara wa tuta hupimwa peke yake, kwa ukaguzi wake na kwa viwango vyake. Afrika Kusini wao wanahesabu roho waziwazi: daraja la kwanza hakuna anayetarajiwa kufa, la pili hawazidi 10, la tatu wanazidi 10. Na huko bwawa huingia chini ya sheria ya usalama likiwa na ukuta unaozidi mita 5 na uwezo wa kubeba zaidi ya mita za ujazo 50,000. Ukisimama chini ya tuta letu na kuangalia juu, huhitaji kipimo kujua kwamba mita 5 limezipita.

Sasa, kama swali ni nani yuko chini, basi jibu lake linabadilika kila mtu anapojenga. Bwawa hili lilipojengwa, kutoka kwenye tuta hadi mtoni palikuwa na mkonge mtupu. Wazee wetu waliokuwa vibarua waliishi kambini, upande wa juu. Leo njia ile ile ya maji ina nyumba za kudumu, kijiwe cha bodaboda, msikiti, soko la jioni, michungwa, na watoto wanaovuka kalavati kwenda shule. Hakuna aliyevamia. Watu wamenunua, wamerithi, wengine wamegawiwa viwanja na serikali ya kijiji kwa risiti. Nauliza kwa nia njema: daraja la chini tulilolisikia lilipimwa kwa ramani ya mwaka gani? Na aliyelipima alishuka bondeni, au aliishia juu ya tuta?

Siulizi bure. Kuna kisiwa kinaitwa Kauai, katika jimbo la Hawaii, Marekani. Huko kulikuwa na bwawa la udongo la Ka Loko, lililojengwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya kumwagilia mashamba ya miwa. Biashara ya miwa ikafifia, ardhi ikabadilisha mikono, bwawa likabaki kwa mtu binafsi. Kwenye orodha ya mabwawa lilikuwa limeandikwa daraja la chini la hatari. Alfajiri ya tarehe 14 Machi 2006, baada ya wiki nyingi za mvua, tuta likakatika na maji yakateremka bondeni yakazoa nyumba pamoja na waliolala ndani. Walikufa watu 7, mmoja wao mama mjamzito. Uchunguzi ulieleza kwamba kilichowezekana zaidi ni maji kupita juu ya tuta, kwa sababu utoro wa maji, yaani njia ya pembeni ya kupitishia maji ya ziada, ulikuwa umefukiwa. Ilibainika pia kwamba serikali ya jimbo haikuwa imelikagua bwawa lile ipasavyo. Mwaka 2014 mwenye bwawa alihukumiwa kifungo cha miezi 7.

Someni tena habari hiyo mkiliangalia shamba lolote la mkonge la mkoa huu. Mashamba haya yalianzishwa na wakoloni, yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, mengine yakauzwa kwa watu binafsi miaka ya 1990, na mengine yameuzwa tena tangu hapo. Katika mikono yote hiyo, nani ameitunza michoro ya bwawa? Nani anajua bomba la kutolea maji lililopita katikati ya tuta ni la chuma cha unene gani, na limekula kutu kiasi gani? Mnunuzi huangalia hekta, majengo na hati, na bwawa analipata kama sehemu ya mandhari.

Mfano wa pili unafundisha kwa upande mwingine. Edenville, jimbo la Michigan, Marekani, ni bwawa la udongo lililojengwa miaka ya 1920 kwa ajili ya umeme, nalo pia lilikuwa mali ya kampuni binafsi. Mamlaka ya taifa ya nishati iliidai kampuni hiyo kwa miaka mingi iongeze uwezo wa kupitisha mafuriko. Haikufanya, na mwaka 2018 ikanyang'anywa leseni. Bwawa likahamia chini ya usimamizi wa jimbo, wakaguzi wa jimbo wakaliangalia kwa macho, wakaandika kwamba hali yake ni ya wastani. Tarehe 19 Mei 2020 likabomoka. Maji hayakuwa hata yamepita juu yake. Mchanga uliokuwa umeshindiliwa vibaya ndani ya tuta ulipoteza nguvu ghafla, mteremko ukateleza kwa sekunde chache, ziwa zima likatoka, na bwawa jingine la chini yake likafuata. Wachunguzi huru waliotoa ripoti yao mwaka 2022 walisema jambo hilo lingeweza kuonekana mapema na kuzuiwa.

Lakini angalieni hili: watu wapatao 10,000 walihamishwa, na hakuna hata mmoja aliyekufa. Edenville lilikuwa katika daraja la juu la hatari. Kwa sababu ya daraja hilo, mwenye bwawa alilazimika kuwa na mpango wa dharura ulioandikwa: nani anapiga simu, anampigia nani, maji yatafika wapi, watu wakimbilie wapi. Wahandisi walikosea kuhusu tuta, lakini daraja la hatari halikukosea kuhusu watu, na watu wakaokoka. Ka Loko lilikuwa katika daraja la chini, hakuna aliyelazimika kumwandalia mtu mpango wowote, na watu 7 walikufa wamelala.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kuwekwa daraja la juu si tusi kwa mwenye bwawa wala si tangazo kwamba tuta linaanguka kesho. Ndilo linalotupa sisi haki ya kuonywa. Anayelishusha bwawa daraja ili kuokoa gharama, au kwa kutotaka usumbufu, anatuondolea onyo hilo, na sisi hatujui kwamba limeondolewa.

Na kama mtasema Marekani ni mbali, Solai si mbali. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, bwawa la udongo la shamba binafsi lilipasuka katikati ya masika. Waliokufa walizidi 40, wengi wao wanawake na watoto, watu maskini waliokuwa majumbani kwao. Mamlaka ya maji ilisema baada ya maafa kwamba bwawa lile halikuwa na kibali. Baada ya maafa! Walioshtakiwa mahakamani hawakuwa upande wa shamba peke yao, walikuwemo pia maofisa wa serikali. Siwatishi, waheshimiwa. Nataka tu mjue kwamba jirani zetu waliuliza maswali haya wakiwa tayari wanazika, na kesi yao ikavutana miaka na miaka.

Hapa nyumbani tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la mabaki ya mgodi wa almasi ulibomoka Mwadui, Kishapu, tope likafunika mashamba na nyumba za watu. Hatukupoteza maisha. Ni bahati tusiyopaswa kuitegemea mara ya pili.

Niruhusuni niseme kidogo kuhusu tuta lenyewe, kwa sababu nimeona viongozi wakilitazama kama kilima cha asili. Mabwawa ya udongo hufa kwa njia kuu mbili, na tafiti za mabwawa makubwa yaliyobomoka duniani zinaonyesha kila njia inachukua karibu nusu. Ya kwanza ni maji kupita juu. Saruji inaweza kuvumilia kupitwa juu kwa muda. Udongo hauvumilii, unamomonyoka kuanzia upande wa chini na kurudi nyuma mpaka ukute maji ya bwawa. Kinachozuia hilo ni utoro wa maji, ile njia ya pembeni inayopitisha ziada. Utoro wa bwawa letu umepandwa mihogo. Mdomoni mwake pamepangwa viroba vya mchanga ili bwawa libebe maji zaidi ya kiangazi, na mbele ya viroba pana wavu wa kuzuia perege wasitoroke, nao wavu unakamata majani na matawi. Kila mmoja aliyefanya hivyo alikuwa na sababu yake nzuri: mmoja alitaka mihogo, mwingine maji, mwingine samaki. Kwa pamoja wameziba njia pekee ambayo mafuriko yangepita bila kugusa tuta.

Njia ya pili haionekani mpaka imechelewa. Maji hupenya ndani ya tuta na kubeba udongo kidogo kidogo, na kutengeneza mrija unaopanuka. Mrija huo hupenda kuanzia pale palipo na njia tayari: pembeni mwa bomba la zamani lililooza, kwenye mzizi wa mti uliokufa, kwenye shimo la kenge au panya buku, kwenye kichuguu. Maji yakitoka safi chini ya tuta na kwa kiasi kile kile mwaka mzima, ni jambo la kuangaliwa na kupimwa. Yakianza kutoka na rangi ya udongo, tuta linaliwa kwa ndani. Bwawa la Teton, jimbo la Idaho, Marekani, lilikuwa jipya kabisa, la serikali, lina wahandisi kazini. Tarehe 5 Juni 1976 kuvuja kulionekana asubuhi, na kabla ya saa sita mchana bwawa lilikuwa limekwisha kubomoka. Watu 11 walikufa. Sisi chini ya tuta letu tuna mahali pasipokauka kamwe, kina mama hufulia hapo. Wao ndio wangekuwa wa kwanza kuona maji yamebadilika rangi. Hakuna aliyewahi kuwaambia maana yake.

Waheshimiwa, mvua za kwetu mnazijua. Kule Amani, juu katika milima ya Usambara ya Mashariki, hunyesha karibu milimita 1,900 kwa mwaka, na ikinyesha huko usiku, mito ya chini hujaa kabla hakujapambazuka. Oktoba 2019 mvua za vuli ziliporomosha madaraja na kukata barabara Handeni na Korogwe, na watu walipoteza maisha. Zilikuwa mvua tu, bila bwawa lolote kuongezea. Bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, linalowanywesha watu wa Tanga mjini, lina mamlaka ya maji yenye mafundi na wahandisi wake. Bwawa la shambani lina mlinzi mmoja mwenye tochi, anayelinda samaki wasiibiwe.

Najua hoja ya kwanza nitakayojibiwa: hiyo ni mali ya mtu. Ni kweli, na hatuidai. Lakini tangu mwaka 1868, katika kesi maarufu ya Rylands dhidi ya Fletcher, mahakama ya juu ya Uingereza ilishaamua kwamba mtu akikusanya katika ardhi yake kitu chenye kuleta madhara kikitoroka, na kikatoroka, atawajibika kwa madhara hayo hata kama hakuzembea. Kitu chenyewe katika kesi ile kilikuwa bwawa la mwenye kiwanda, lililopasukia katika mgodi wa jirani yake. Msingi huo tumeurithi katika sheria zetu za madai. Na Waingereza hawakuishia kwenye fidia. Mwaka 1925 mabwawa ya kampuni binafsi yalibomoka juu ya kijiji cha Dolgarrog, Wales: la juu lilivunjika, maji yake yakapita juu ya tuta la udongo la bwawa la chini na kulisomba, wakafa watu 16. Bunge likatunga sheria ya mwaka 1930 ikiwalazimisha wenye mabwawa, wawe binafsi wawe umma, kukaguliwa na wahandisi walioidhinishwa. Tangu hapo hakuna mtu aliyekufa Uingereza kwa kubomoka bwawa. Leo raia wa kule anaweza kufungua ramani kwenye intaneti na kuona bwawa fulani likibomoka maji yatafika mlangoni kwake au hayatafika.

Sisi tunayo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na kanuni za usalama wa mabwawa zilitungwa mwaka 2013. Tuna Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo eneo lake linaingia hadi mito yetu hii ya Tanga. Tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022. Kwa hiyo siombi sheria mpya. Naomba taarifa itoke kwenye kabati ifike bondeni.

Hoja ya pili ni taharuki. Hii inaniumiza zaidi, kwa sababu inatoka kwa watu wanaotujua. Wanasema wananchi wakiambiwa wako chini ya bwawa la daraja la juu watakimbia ovyo, au viwanja vitashuka bei. Watu wa bonde hili wamelima kando ya mto unaofurika tangu kabla ya mkonge. Wanajua kuhamisha mbuzi na mahindi usiku. Wasichoweza ni kujiandaa kwa jambo wasiloambiwa. Na kama kiwanja kitashuka bei kwa sababu mnunuzi amejua ukweli, basi mnunuzi wa jana aliuziwa bila ukweli.

Hata hivyo ninayo hofu moja, na ni heri niiseme mbele yenu. Daraja likipanda, lisije likatumika kutuondoa sisi. Njia rahisi ya kulishusha bwawa daraja ni kuziweka alama ya X nyumba za maskini walio chini yake, na tuta likabaki vile vile. Mzigo uanzie kwenye tuta. Utoro usafishwe, viroba na wavu viondolewe, bomba likaguliwe, miti ishughulikiwe kwa maelekezo ya mhandisi (maana kung'oa visiki ovyo ni kuacha mashimo), na maji yapunguzwe kabla ya masika na vuli mpaka hayo yafanyike. Kijiji nacho kiache leo hii kugawa viwanja vipya katika njia ya maji, na hilo tuko tayari kulisimamia wenyewe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Ikibainika kuna kaya ambazo haziwezi kuwa salama hata tuta likitengenezwa, hapo tuzungumze kuhama, kwa fidia na kwa sehemu ya kwenda, na mwenye bwawa awepo mezani.

Mpango wa dharura tunaouomba si wa gharama kubwa. Mti uliopakwa rangi na kusimikwa bwawani, wenye alama ya kijani, ya njano na nyekundu, mlinzi auangalie asubuhi na jioni na kila saa mvua ikiwa kubwa. Namba tatu za simu zilizoandikwa ukutani pale shambani: ya mtendaji wa kijiji, ya mwenyekiti wa kitongoji, na ya ofisi ya maafa ya wilaya. Kipaza sauti cha msikiti na kengele ya shule viwe na mlio uliokubaliwa, unaomaanisha jambo hilo moja tu. Njia ya kupandia mlimani iwekewe mawe meupe, kwa kuwa bwawa la Ka Loko na la Solai yote mawili yalikatika gizani. Na mara moja kabla ya kila msimu wa mvua, tufanye zoezi, wazee na watoto wakiwemo, tuone inachukua dakika ngapi.

Ndugu mwenye shamba, nawe nakuomba kwa heshima. Umetuajiria vijana, na wakati wa ukame hujatufungia lango. Usisubiri barua ya serikali. Mwite mhandisi aliyesajiliwa, mwambie apime tuta na ashuke bondeni ahesabu nyumba, kisha matokeo utuletee mwenyewe mkutanoni. Akikuta tuta ni zima, utakuwa na majirani watakaolilinda kuliko mlinzi yeyote. Akikuta lina kasoro, tutajua pamoja wakati bado linatengenezeka.

Waheshimiwa, mhandisi atakapokuja tutampokea. Kina mama wanaofulia chini ya tuta watamwonyesha mahali panapotoka maji. Wachunga ng'ombe watamwonyesha mashimo. Wazee wawili waliofanya kazi kwenye korona wanakumbuka bomba linapita wapi, na wote wawili wamezeeka, kwa hiyo ningependa aje mwaka huu. Ofisi ya kijiji ina ubao wa matangazo, na nafasi ya karatasi ipo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa bondeni, Wilaya ya Muheza

Nakala:
Mkuu wa Wilaya, Muheza
Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya
Diwani wa kata
Mtendaji wa kijiji: kwa ajili ya kusomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji